Buluu Kila Siku

Mtopanga, Kisauni
9 Juni 1961

Kwa Sista Jerioth,

Shikamoo. Sisi hapa hatujambo, alhamdulillahi. Barua hii anakuletea ami yangu Stambuli, ambaye kazi yake ni kwenye karakana ya reli huko Changamwe. Amesema zahanati ya Magongo ulikohamishiwa hapotezi njia kuipitia.

Mimi ni Mwanatumu, yule uliyemfundisha wodini kupiga sindano kwenye chungwa. Kama umenisahau, ni yule aliyekuwa akitazama chini, hata ukamshika kidevu ukamwambia, "Sindano haiko sakafuni."

Labda hukupata habari kwamba babu yangu alifariki tarehe ishirini Mei, siku tatu baada ya bibi kutoka hospitali. Sasa bibi anakaa eda. Miezi minne na siku kumi hatoki nyumbani, hajipambi, hatii manukato, wala haonekani na mwanamume asiye maharimu yake. Yule dresa wa hospitali, mfunga vidonda, aliyekuwa aje kumpiga sindano ya sukari ni mwanamume. Kwa hiyo kazi imekuwa yangu, na mimi nina miaka kumi na tano.

Sindano naichemsha dakika kumi. Navuta dawa mpaka alama ya ishirini na nane kama ulivyoandika. Siku ya kwanza nilifumba macho, bibi akaniambia, "Fumbua, mwanangu, mimi si chungwa." Chupa ya dawa naitia ndani ya kopo, na kopo nalizika kwenye mchanga mbichi chini ya mtungi, isipate joto. Bibi anauliza dawa hii imetolewa kwa mnyama gani. Amesikia kwamba nyingine ni za nguruwe, na kama ni hiyo hataki hata tone.

Kuhusu kile kipimo cha rangi. Bibi amekataa kichemshwe kwenye jiko lake, kwa kuwa ni najisi, kwa hiyo nachemshia nyuma ya banda la kuku, ndani ya kopo la maziwa. Nimeandika daftari kwa Kiingereza. Nitakwambia ukweli, sista: kwa Kiingereza lile neno halinichomi uso, kwa Kiswahili hata nikiwa peke yangu silitamki.

Jumatatu buluu, Jumanne buluu, Jumatano buluu, Alhamisi buluu.

Wako mtiifu,
Mwanatumu binti Badi


Magongo
14 Juni 1961

Mwanatumu,

Marahaba. Poleni sana kwa msiba. Babu yako namkumbuka, alikuwa akija wodini na kiti chake mwenyewe kwa sababu vya hospitali havimfai.

Mwambie bibi dawa ni ya ng'ombe. Imeandikwa kwenye chupa, na nilimwuliza mwenye stoo ya dawa ana kwa ana. Mimi ni mtu wa bara na Mkristo, lakini siwezi kumdanganya mama mzima juu ya kitu kinachoingia mwilini mwake.

Sasa sikiliza. Usipige sindano mahali pamoja kila siku, nyama itakuwa ngumu na dawa haitatembea. Leo paja la kulia, kesho la kushoto, keshokutwa mkono. Akishapigwa ale, asikae zaidi ya nusu saa. Ukimwona anatoka jasho jembamba, anatetemeka, au anaongea maneno yasiyo na mpango, usikimbilie kuniandikia barua! Mpe maji ya sukari hapo hapo, halafu ndiyo uandike.

Miguu yake itazame kila siku, katikati ya vidole pia. Mwenye sukari anaweza kukanyaga kaa la moto asijue.

Kipimo kinakwenda hivi, nakurudishia usije ukachanganya: dawa ya buluu kijiko kidogo kimoja, matone manane ya mkojo, chemsha dakika tano. Ikibaki buluu hakuna sukari. Kijani ni kidogo, manjano imezidi, rangi ya chungwa ni nyingi, rangi ya matofali ni hatari. Siku nne za buluu kwa mgonjwa aliyetoka hospitali na rangi ya chungwa ni habari nzuri sana. Umefanya kazi. Na lile neno ni mkojo tu, kila mtu anao.

Jerioth


Mtopanga
30 Juni 1961

Sista Jerioth,

Shikamoo. Bibi amefurahi kwa habari ya ng'ombe, amesema Mungu akuzidishie. Sindano nabadilisha mahali kama ulivyosema. Alinikemea mara moja tu, nilipompiga karibu na kovu la chanjo.

Hapa hakuna jipya. Mdogo wangu Johari analalamika amechoka kuteka maji, maana mtungi wa chumbani kwa bibi unakauka kabla ya adhuhuri. Mama anasema bora mtu mzima anywe maji kuliko chai ya sukari. Bibi amekonda kidogo. Watu wanasema ni eda, mjane hukonda.

Kwenye mguu wa kulia, pale kidole gumba kinapokutana na cha pili, ngozi imechubuka. Ni ule msumari wa kushikwa kwa vidole kwenye mitalawanda, vile viatu vya mti anavyovaa chooni. Anasema hapamuumi hata kidogo, nikaona heri.

Rangi ni buluu, siku zote ishirini na moja. Naambatanisha karatasi ya daftari.

Mwanatumu


Magongo
5 Julai 1961

Mwanatumu,

Karatasi yako nimempelekea daktari aliyekuja zahanati jana. Amefurahi, halafu akaingiwa na wasiwasi. Mgonjwa asiyekuwa na sukari hata tone kwa wiki tatu, na bado anapigwa ishirini na nane, siku moja sukari itamshuka ghafla aanguke. Kwa hiyo kuanzia kesho vuta mpaka ishirini tu. Endelea kupima kila asubuhi.

Pale palipochubuka osha kwa maji yaliyochemshwa, kausha, funga kitambaa safi. Hiyo mitalawanda iondoe chooni kabisa, ifiche ikibidi. Avae ndara za ngozi.

Daktari ameuliza wewe ni nesi wa wapi. Nimemwambia wewe ni mtoto wa shule. Amesema umalize shule haraka.

Jerioth


Mtopanga
28 Julai 1961

Sista Jerioth,

Shikamoo. Napiga ishirini, kama ulivyoagiza.

Pale palipochubuka pamekuwa kidonda. Naosha kila siku, lakini hakifungi. Tangu juzi kinanuka, na kidole cha pili kimekuwa cheusi nchani. Bibi anasema hakimuumi. Analala mchana kutwa.

Rangi buluu.

Sista, nilitaka kukuandikia jambo jingine, lakini ami Stambuli amesimama mlangoni ananingoja na baisikeli.

Mwanatumu


Magongo
29 Julai 1961

Mwanatumu,

Barua yako ya jana nimeisoma mara tatu. Kidonda kisichofunga, kidole cheusi, kulala mchana, na rangi buluu: haya hayakai nyumba moja. Nafikiri ile dawa ya kupimia imeharibika. Fanya hivi leo. Tia tone la asali kwenye maji, changanya na dawa ya buluu, chemsha. Ikigeuka matofali, dawa ni nzima. Halafu chukua mkojo wako wewe mwenyewe na wa bibi, pima sawia, uone tofauti. Niletee majibu kwa ami yako Jumatatu asubuhi. Usikose.

Na hilo jambo jingine liandike. Mimi siko mlangoni na baisikeli.

Jerioth


Mtopanga
30 Julai 1961

Sista Jerioth,

Buluu zote ni zangu.

Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Karatasi zote nilizokuletea, tangu Jumatatu ile ya kwanza, ni mkojo wangu mimi. Wa bibi sijawahi kuupima hata mara moja.

Siku ya kwanza nilikwenda na kikombe mpaka mlangoni kwake. Alikuwa juu ya mswala, na nguo zake za eda, anavuta tasbihi. Babu alikuwa na wiki mbili tu kaburini. Mimi sijapata kumwambia bibi neno kama hilo maishani mwangu. Kwetu hata mtu akiwa anakwenda msalani hasemi, huondoka tu kama aliyeitwa. Nikasema, "Bibi, sista amesema..." nikakwama. Akauliza, "Amesemaje?" Nikasema, "Amesema unywe maji."

Akanywa. Tangu siku hiyo anakunywa, na mimi nikadhani ananitii. Johari alipochoka kuteka, mimi ndiye niliyemgombeza, nikamwambia bibi ameagizwa na sista. Wallahi, sikujua kama ile ni kiu ya ugonjwa.

Nikaenda chooni na kile kikombe nikatia wangu. Nikajiambia ni leo tu, kesho nitamwambia. Lakini nilipokwisha kuandika buluu Jumatatu, nilijua nikiandika matofali Jumanne utaniuliza. Halafu ukaniandikia kwamba nimefanya kazi. Halafu daktari akauliza mimi ni nesi wa wapi. Barua ile niliiweka chini ya mto.

Jana jioni niliposoma uliposema nipime wangu nione tofauti, nilicheka peke yangu nyuma ya banda la kuku, halafu nikalia. Leo asubuhi nimekwenda kwa bibi.

"Mbona wasimama kama aliyevunja sahani?" akaniuliza.

Nikasema, "Bibi, nataka mkojo wako."

Aliiweka tasbihi chini. Kisha akasema, "Kwani wako umekwisha?"

Sista, sikujua uso niuweke wapi. Akasema, "Nipa hicho kikombe. Geuka kule."

Asali imegeuka matofali, basi dawa ni nzima. Na wa bibi nilipouchemsha, haukupita kijani wala manjano. Uliruka ukawa matofali, kama vigae vya paa la shule yetu.

Nimewaambia mama na ami Stambuli. Mama amenitazama tu, na hilo limeniuma kuliko kofi. Ami anataka kumpeleka bibi hospitali, bibi amekataa. Anasema, "N'na siku khamsini na saba zimebaki. Nikitoka nje ya mlango huu nimevunja eda ya mume wangu, nitamwambia nini?" Kidole ni cheusi mpaka katikati sasa, na cha gumba kimeanza.

Mimi ndiye niliyekufanya upunguze dawa. Nifanye nini?

Mwanatumu


Magongo
31 Julai 1961, saa mbili asubuhi

Mwanatumu,

Nimemwandikia msimamizi wa ami yako ampe ruhusa arudi sasa hivi na barua hii.

Kama bibi amekula, piga alama ishirini na nane kama zamani. Usiongeze kwa kukisia. Mguu usiuchue, usiukande kwa maji moto, usiupake kitu. Aletwe hospitali kuu leo, si kesho. Nimepiga simu wodi ya wanawake, wanamngoja.

Kuhusu eda mimi sina la kusema, si dini yangu. Lakini nimeuguza mama wa Kiislamu miaka saba, na sijaona mwalimu wa dini hata mmoja aliyemfungia mgonjwa nyumbani. Mmeuliza? Au mmekaa tu mkijua jibu? Ami Stambuli apitie kwa mwalimu wenu kabla ya kufika nyumbani.

Na hili usome ukishampakia bibi garini. Wewe uliandika buluu. Ishirini niliiandika mimi. Barua yako ya Juni ilisema mtungi unakauka kabla ya adhuhuri, bibi amekonda, amechubuka wala hasikii. Yote yalikuwa mbele yangu kwa mwandiko mzuri, nikayapita kwenda kutazama karatasi ya rangi. Kwa hiyo usijitwike mzigo wote, mwingine ni wangu. Sasa kimbia.

Jerioth


Hospitali kuu, wodi ya wanawake
2 Septemba 1961

(Sista, hii ni barua ya bibi. Ameiandika mwenyewe kwa herufi za Kiarabu, mimi nimeinakili kwa herufi za shule. Hakuna nilichopunguza, ingawa nilitaka. Mwanatumu.)

Kwa binti yangu Jerioth,

Salamu nyingi. Mimi Mwanaima binti Idarus ni mzima. Vidole viwili vimekwenda, gumba na jirani yake. Mguu umebaki. Daktari amesema ningechelewa siku tatu, angekata hapa chini ya goti. Mitalawanda sitavaa tena, msumari wake hauna pa kushikwa.

Mwalimu wetu alipoulizwa alikasirika. Alisema, "Mgonjwa ana ruhusa tangu zamani. Aliyemfungia ndani kwa jina la eda atajibu yeye." Hakuna aliyenifungia. Nilijifungia mwenyewe, kwa kuwa ndani palinifaa.

Mjukuu wangu amekuandikia kwamba ni yeye aliyeficha. Ameandika nusu. Siku ya pili ya kupima nilimwona dirishani akitoka chooni, kikombe amekifunika kitambaa cha mezani kama anapeleka halua kwa jirani. Nilijua. Nikamshukuru Mungu kwa kunisitiri. Nilikuwa nimetoka kumzika mtu niliyelala naye miaka arubaini na mbili, sikutaka mtoto achungulie kilichotoka mwilini mwangu. Nikasema, mkojo wake ni msafi kuliko wangu, na upelekwe huo.

Kiu niliisikia kabla ya kuambiwa ninywe maji. Nilidhani ni huzuni. Hakuna aliyepata kunifundisha kiu ya huzuni iko vipi na kiu ya sukari iko vipi. Wewe ulimfundisha mtoto, mimi nilikuwa nimelala kitandani hapo hapo mkisemea juu ya kichwa changu. Siku nyingine mfundishe na mwenye mwili.

Usimtoe mtoto kazini. Mkono wake ni mwepesi sasa.

Mwanaima binti Idarus


Magongo
6 Septemba 1961

Mama Mwanaima, shikamoo.

Maneno yako nimeyapokea, hasa lile la juu ya kichwa. Jumapili nakuja wodini na chupa ya buluu. Utapima mwenyewe, mara tatu, mpaka nikuone unaweza. Mwanatumu atashika kopo tu.

Jerioth


Mtopanga
29 Septemba 1961

Sista Jerioth,

Shikamoo. Eda ya bibi imekwisha Jumatatu. Siku zile za hospitali mwalimu alisema zimehesabiwa, na zilizobaki bibi alizimalizia nyumbani. Ameoga, amevaa leso mpya, na amejifukiza udi kwa mara ya kwanza tangu Mei. Anatembea na bakora, upande upande kidogo. Usiku anasema vidole visivyokuwepo vinamwasha, na mimi humkuna hewani, pale vilipokuwa. Anasema inasaidia.

Nataka nikueleze la Jumatatu hiyo. Wanawake walijaa ukumbini, wa hapa Mtopanga na jamaa waliotoka mpaka Shanzu, zaidi ya ishirini. Mimi nilikuwa nimejibanza jikoni na sinia ya vikombe, unajua nilivyo. Saa ya kupima ikafika. Nikasema moyoni, leo wageni, tutaacha. Mara namsikia bibi ananiita kutoka chumbani, sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara:

"Mwanatumuu! Ndoo hapa, uchukue mkojo wangu!"

Mke wa mwalimu aliacha kutafuna. Mwanamke mmoja wa Shanzu akasema, "Makubwa!" na bibi akamjibu kutoka huko huko, "Makubwa ni kukatwa mguu, mwanangu. Na wewe unywaye maji hivyo, ukitoka hapa upime wako."

Nikaitika, "Abee, bibi." Nikaenda. Kikombe sikukifunika. Nikapita nacho katikati yao wote, polepole kisimwagike, na uso wangu sikuutazamisha sakafuni. Yule wa Shanzu alinifuata mpaka nyuma ya banda la kuku kuona inavyochemka. Anaitwa Kahaso. Amesema ana kiu tangu mwaka jana. Nimempa jina lako na njia ya kuja Magongo, atafika Jumanne na daftari lake.

Napiga ishirini na nane. Kovu la mguu ni kavu. Bibi amesoma rangi mwenyewe, mimi nimeandika, kwa Kiswahili:

Mkojo wa bibi, asubuhi: Jumatatu manjano. Jumanne manjano. Jumatano kijani. Alhamisi manjano tena, alikula halua ya wageni, amekiri. Ijumaa kijani.

Buluu bado.

Mwanatumu binti Badi